UZI: Kulala Roma kwa bajeti ya mtu wa kawaida. Hesabu zangu za siku saba, Oktoba 2025

#1 · Mtoa mada

Wakuu habari za jioni, wakubwa wote shikamooni.

Oktoba 2025 nilimpeleka mama yangu Roma, Jubilei, ule mwaka mtakatifu wa Wakatoliki, ikiwa inaelekea ukingoni. Nilimwahidi safari ile tangu tulipomzika baba, na nimedunduliza miaka mitatu kuitimiza. Hija ya kikundi cha parokia ilijaa mapema, kwa hiyo tulikwenda sisi wawili tu na kila kitu nilikipanga mwenyewe kwa simu. Tangu nirudi watu wananiuliza pembeni nililipa hoteli shilingi ngapi, na nikiwatajia bei ya chumba naona kabisa kwamba nawapotosha. Chumba ni sehemu tu ya hela inayokutoka ili ulale Roma. Naweka hesabu zote hapa, ili anayempeleka mzazi wake, au anayekwenda kozi fupi, azikute zimekaa pamoja.

Siku tatu za kwanza tulilala kwenye chumba cha kupanga, nje ya ile barabara kubwa inayouzunguka mji. Yuro 55 kwa usiku, watu wawili. Kwenye tovuti kilivutia: kitanda kikubwa, picha safi, alama za juu. Ambacho picha haikuonyesha ni basi. Linapita kila nusu saa, pengine zaidi, linakufikisha kituo cha metro, na ukishapanda metro ndiyo safari ya mjini inaanza. Kila siku tulikata tiketi za saa 24, yuro 8.50 kwa kila mtu, wawili 17. Chai ya asubuhi haikuwepo, tulikunywa njiani, kama yuro 10 kwa wote. Hapo tayari ni 82, kodi ya mji bado. Siku ya pili jioni basi halikutokea kabisa. Tulisimama kituoni dakika 50, mama amejifunika khanga juu ya koti, mguu mmoja kaunyanyua kaegemea nguzo kwa sababu goti lilikuwa linamuuma. Nikaita teksi, yuro 34. Gawanya yote kwa siku tatu: yuro 93 na ushee kwa kila usiku. Na chumba chenyewe kilikuwa cha baridi, bomba za joto hazikuwaka hata siku moja.

Siku nne zilizobaki tulihamia nyumba ya masista, dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka uwanja wa Mtakatifu Petro. Yuro 84 kwa usiku, vitanda viwili, bafu ndani, chai ya asubuhi humo humo. Usafiri tuliuhitaji siku mbili tu, tiketi za kawaida za yuro 1.50 kwenda na kurudi, jumla yuro 12. Gawanya kwa siku nne: yuro 87.

Kwa hiyo chumba cha 55 kilinila zaidi kuliko cha 84. Goti la mama sikulihesabu.

Nitaendelea na mengine, maswali yanakaribishwa.

#2

Nimekaa siti ya mbele dada. Hongera kwa kumtimizia mama. Hiyo kodi ya mji ni ipi? Mbona kwenye tovuti wanaandika jumla tayari?

#3 · Mtoa mada

Asante mkuu. Hii ndiyo inayowashtua wengi pale mapokezi.

Roma inatoza kila mgeni anayelala mjini. Inahesabiwa kwa kichwa kwa usiku, chumba hakihusiki. Kwa hoteli inategemea nyota: nyota moja yuro 4, mbili 5, tatu 6, nne 7.50, tano 10. Viwango hivi vilianza Oktoba 2023. Watoto chini ya miaka 10 hawalipi, na ukikaa mfululizo hesabu inaishia usiku wa kumi. Vyumba vya kupanga na nyumba za masista navyo vina viwango vyake, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.

Tovuti nyingi huiandika chini kabisa kwa herufi ndogo, "hulipwa ukifika". Piga hesabu: wawili, hoteli ya nyota nne, siku sita, ni yuro 90 juu ya bei uliyoiona. Nyota mbili ingekuwa 60. Na nyota za Italia zinapima huduma zilizopo, kama saa za mapokezi, lifti na ukubwa wa chumba. Hazikuambii kama shuka ni safi au kama usiku kuna kelele. Nimeona hoteli ya nyota mbili inayong'aa kuliko ya nne, kwa hiyo soma maoni ya wageni wa miezi mitatu ya karibuni, hasa waliolalamika, uone wanalalamikia nini.

Tengeni hela ya kodi hiyo taslimu. Kule kwenye chumba cha kupanga mwenye nyumba aliitaka mkononi, noti kamili.

#4

Hujambo dada, mimi niko Nairobi. Sisi tutakuwa wanne: mimi, mzee wangu, na vijana wetu wawili, mmoja miaka 19, mwingine 16. Tunapanga kwenda mwezi wa Novemba, wiki ya pili. Kutoka uwanja wa ndege hadi hoteli tutumie nini isiyo ghali? Nimeona watu wanataja treni ya moja kwa moja.

#5 · Mtoa mada

Sijambo mama, karibu sana. Kwa watu wanne jibu ni tofauti na la watu wawili.

Treni ya moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino hadi stesheni kuu ya Termini inaitwa Leonardo Express. Inachukua dakika 32 na nilipokwenda ilikuwa yuro 14 kwa mtu. Nyie wanne ni 56. Teksi nyeupe zenye leseni zina bei iliyopangwa na serikali ya mji, yuro 55 kwa gari zima pamoja na mizigo, ilimradi hoteli yako iwe ndani ya kuta za kale za Aurelian, zile zinazozunguka katikati ya mji. Kwa hiyo wanne wenye masanduku chukueni teksi, mfikishwe mlangoni. Pangeni foleni kwenye kituo chao rasmi nje ya uwanja, na yeyote anayekufuata ndani akikunong'oneza "taksi, taksi", mpite. Kabla ya kupakia mizigo mwonyesheni dereva anuani na mtaje ile bei, akubali kwa mdomo wake.

Mtu mmoja au wawili wachukue treni ya kawaida, FL1, yuro 8. Haifiki Termini, inapita Trastevere, Ostiense na Tiburtina. Mnaokwenda upande wa Vatikani shukeni Trastevere, hapo hapo mnabadilisha treni ya kwenda stesheni ya San Pietro. Sisi tulifanya hivyo siku ya kurudi, kwa kuelekea uwanja, na mama hakuchoka.

#6

Salamu wanajukwaa. Niko Roma mwaka wa sita sasa, masomoni. Mtoa mada ameandika vizuri, naomba niongezee machache kwa sababu kila mwaka napokea ndugu na marafiki wanaofanya makosa yale yale.

Kwanza, dada, baridi ya chumba chako ina sababu. Huku joto la majengo ya makazi linaendeshwa kwa kalenda. Kwa ukanda wa Roma linaruhusiwa kuwashwa kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili, na halizidi saa 12 kwa siku. Vyumba vingi vya kupanga vimo ndani ya maghorofa ya familia za kawaida yenye mfumo mmoja wa joto kwa jengo zima. Ukija mwishoni mwa Oktoba au mwishoni mwa Aprili, mwenye chumba hata akitaka hana swichi ya kuwasha. Mtu aliyetoka Tanga au Mombasa ataumia. Uliza kabla kama chumba kina kiyoyozi chenye kutoa hewa ya moto, maana hicho kinajitegemea, na ombeni blanketi la ziada mchana, mapokezi wakiwa bado wapo.

Pili, mtaa wa kulala. Metro ya Roma ina njia A na B zinazokutana Termini, na C inayotoka mashariki.

Termini na Esquilino ndiko kwenye vyumba vingi vya bei ya chini. Mitaa mingine ya pale usiku haipendezi, lakini ni rahisi kwa anayetembelea makanisa makuu manne. Bikira Maria Mkuu, alikozikwa Papa Fransisko, mnakwenda kwa miguu. Laterano ni metro A kituo cha San Giovanni, Mtakatifu Paulo ni metro B, Mtakatifu Petro ni metro A kituo cha Ottaviano. Jengo moja laweza kuwa na nyumba za wageni nne au tano, kila moja na ghorofa yake na kengele yake kule chini mlangoni. Uliza kama lifti ipo na inafika ghorofa yenu. Nimembebea shangazi yangu sanduku la kilo 23 ghorofa nne.

Mahali ninapopapenda mimi kwa wazazi ni Cornelia na Baldo degli Ubaldi, kule mwisho wa metro A. Ni mtaa wa wenyeji, una masoko, famasia, nyumba nyingi za mashirika ya kitawa, na kutoka Cornelia hadi Ottaviano ni vituo vinne tu. Upande wa pili, San Giovanni na Re di Roma vile vile ni pazuri.

Tatu, tangu 2025 kila nyumba inayopangisha wageni ina namba ya utambulisho ya kitaifa, wanaita CIN, na inapaswa kuonekana kwenye tangazo na mlangoni. Tangazo lisilo na namba hiyo liache. Na wakikuomba pasipoti msiogope, sheria inawalazimu kuwasajili wageni polisi. Waonyeshe, wanakili, wakurudishie pale pale.

Nne, basi namba 64, linalotoka Termini kuelekea Vatikani, lina wezi wa mifukoni waliobobea. Mkoba mbele, simu usiiweke mfuko wa nyuma.

#7

Aisee hii ya joto kuwashwa kwa kalenda sikuijua. Asante kwa nondo.

Niongeze la kwangu, limeniuma na sitaki limkute mwingine. Nilibuku hoteli siku tano kwa bei ya "hairudishwi" kwa kuwa ilikuwa nafuu kama asilimia kumi na tano. Viza ikanyimwa. Nimepoteza hela ya hoteli yote, na ada ya viza ya yuro 90 nayo hairudi. Niliandika barua pepe tatu kuomba hata nusu, hoteli ikajibu mara moja tu.

#8 · Mtoa mada

Pole sana kaka, inauma.

Wakuu, hapa tuelewane vizuri. Ombi la viza ya Schengen linataka ushahidi wa mahali utakapolala siku zote, pamoja na bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000. Kwa hiyo kabla ya viza buku vyumba vinavyofutika bure tu, na uandike kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya kufuta kila kimoja, maana wengine wanaweka siku tatu kabla, wengine wiki mbili. Viza ikitoka ndipo utafute bei bora kwa tarehe zile zile. Ukibadilisha chumba, chapisha uthibitisho mpya uwe nao mkononi. Askari wa mpakani ana haki ya kukuuliza unalala wapi, na jibu lako liwe la chumba ambacho kweli kipo.

#9

Assalaam alaykum. Nauliza kutoka Unguja, na naomba mnijibu bila kuona haya. Mume wangu ana mkutano wa kikazi Roma na mimi nitafuatana naye. Mambo mawili: chakula cha halali, na maji chooni. Nimekaa mji mwingine wa Ulaya nikateseka na karatasi.

#10

Waalaykum salaam dada. (Ni mimi wa #6.)

La maji lisikusumbue, kwa Italia umepata. Kuna amri ya wizara ya mwaka 1975 inayotaka kila nyumba ya kuishi iwe na bide, lile beseni dogo la chini lenye bomba kando ya choo, angalau kwenye bafu moja. Mahoteli mengi nayo yanalo. Kwenye vyumba vidogo sana vilivyokarabatiwa wakati mwingine hulikuti, kwa hiyo tazama picha ya bafu kabla ya kubuku, na usipoliona waulize.

Halali: Esquilino, karibu na Termini, kuna soko la ndani la mtaa ule ambalo ni mkombozi wetu. Utapata nyama halali kwa Wabangladeshi, samaki, bamia, ndizi za kupika, mihogo, viazi vitamu, pilipili mbuzi, mpaka unga wa mahindi mweupe. Linafungwa mchana, wahi asubuhi. Mtaa wa Torpignattara nako kuna maduka na migahawa ya Wabangladeshi, bei za huruma. Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa 1995, uko upande wa kaskazini wa mji. Ijumaa nje yake huwa kuna wauzaji wa vyakula, mkitoka kusali mtakula hapo hapo.

#11 · Mtoa mada

Nimefurahi kaka umegusa soko. Sasa nizungumzie kula, maana hapo ndipo bajeti ya hoteli inapovuja bila mtu kujua.

Chai ya hotelini. Ukiona wameandika "kifungua kinywa yuro 12 kwa mtu", kikatae. Nenda baa, na kwa Waitaliano baa ni mahali pa kahawa, watu wanapita asubuhi wakiwahi kazini. Kunywa umesimama kaunta. Kahawa ilikuwa yuro 1.20 hadi 1.50, mkate mtamu unaofanana na kruasani kama yuro 1.50. Kahawa ile ile ukikaa mezani, hasa karibu na magofu na makanisa maarufu, inaweza kufika mara tatu. Bei zote mbili zinabandikwa ukutani, zisome kwanza. Mama hakuweza kusimama muda mrefu, kwa hiyo tulikuwa tunanunua tunakwenda kukaa kwenye ngazi au benchi la bustani.

Mchana tulikula pitsa za kukatwa. Unaonyesha kwa vidole kipande unachotaka, wanakata kwa mkasi, wanapima kwenye mizani, unalipa kwa uzito. Kwa yuro 5 au 6 unashiba. Jioni tulinunua supamaketi kuku wa kuchoma, nyanya, mkate na matunda. Hapa ndipo friji ndogo chumbani inapolipa. Nikipanga safari nyingine nitachagua chumba chenye friji na birika la umeme kabla ya chenye televisheni. Tulibeba majani ya chai, tangawizi kavu na iliki kutoka nyumbani, na msibeze, kwa mtu mzima kikombe cha chai anayoijua saa mbili usiku ni nusu ya usingizi.

Mgahawani soma bili. Ukiona mstari wa "coperto" au "pane", ni hela ya kukaa na ya mkate, yuro moja hadi tatu kwa kichwa. Angalia kama imeandikwa kwenye menyu kabla hujavuta kiti.

Maji msinunue. Roma ina mabomba ya chuma barabarani, ya kijivu, yapata 2,500, yamekuwepo tangu miaka ya 1870, maji yanatiririka mchana na usiku, ni baridi na salama kunywa. Wenyeji wanayaita nasoni, yaani pua kubwa. Bomba limepinda kuelekea chini na juu yake lina tundu dogo. Bibi mmoja wa mtaani alimwonyesha mama: unaziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia lile tundu kama chemchemi, unakunywa bila kuinama. Mama alijaribu, yakamlowesha miwani, akarudia tena mpaka akaweza. Kila kona tuliyopita baada ya hapo alikuwa analitafuta bomba. Chupa mbili tulizotoka nazo nyumbani ndizo tulizotumia siku zote saba.

#12

Dada mimi ni kijana, peke yangu, nilikaa hosteli ya vitanda sita karibu na Termini kwa yuro 31. Sioni haja ya masista wala hoteli. Kwa bajeti hosteli ndiyo yenyewe.

#13 · Mtoa mada

Kwa mtu mmoja kijana nakubaliana nawe kabisa mdogo wangu. Ukiwa na mwenzio piga hesabu upya: vitanda viwili ni 62, kodi juu yake, kufuli la kabati, taulo la kukodi, na asubuhi unatafuta chai. Unakuta umekaribia chumba cha faragha cha watu wawili. Na kwa mzazi wa miaka 68 kitanda cha juu hakifai.

Niseme sasa habari ya nyumba za masista, maana wengi hawajui kama ni za watu wote. Si lazima uwe Mkatoliki, hata wale masista wetu waliwapokea Wajapani wawili na familia ya Waorthodoksi. Ni vyumba vya mashirika ya kitawa vilivyokuwa vya wanafunzi au vya wanashirika, sasa vinapokea wageni. Chumba ni cheupe, kitanda cha mtu mmoja mmoja, meza, msalaba ukutani, hakuna televisheni. Usafi wake sijawahi kuuona hotelini. Sehemu nyingine hakuna kiyoyozi, kuna feni, jambo la kufikiria kama unakwenda Julai au Agosti.

Sharti kubwa ni geti. Kwetu lilifungwa saa tano usiku. Siku ya Jumatano, baada ya katekesi ya Baba Mtakatifu asubuhi na kuzunguka mchana kutwa, tulikwenda jioni kwa rafiki wa mama anayefanya kazi za ndani upande wa Tiburtina. Maongezi yakanoga. Tulifika getini saa tano na dakika ishirini, taa zote zimezimwa. Nilibonyeza kengele mara moja, nikasubiri, mama akiwa ameshika rozari. Alifungua sista mzee mwenye sweta juu ya vazi la kulalia, hakusema neno, akaangalia saa ya ukutani, kisha akamshika mama mkono kumpandisha ngazi. Asubuhi tulikwenda kumwomba msamaha. Kwa hiyo mwenye ratiba za usiku asiende kwa masista, awaachie wazee wa watu usingizi wao. Na metro yenyewe kwa kawaida inaishia saa tano na nusu usiku, Ijumaa na Jumamosi saa saba na nusu.

Jikoni pale alikuwepo sista Mkenya, kwao Machakos. Siku ya pili alimsikia mama akisema "uji ungenifaa" na asubuhi iliyofuata uliletwa uji.

#14

Kuhusu malipo, naomba niseme. Nilikaa hoteli moja ya nyota tatu, siitaji. Nilipofika walizuia yuro 150 kwenye kadi yangu ya benki kama dhamana. Sikuambiwa kabla. Kadi yangu ni ya akaunti ya kawaida, hiyo hela ndiyo ilikuwa ya kula. Ilirudi siku ya tisa, mimi nikiwa nimesharudi Dodoma.

#15 · Mtoa mada

Pole mkuu, na umesaidia wengi kwa kulitaja. Waulizeni kabla, kwa maandishi: mnazuia dhamana kiasi gani, na mnapokea taslimu? Nyumba yetu haikuzuia kitu.

Mashine ikikuuliza ulipe kwa yuro au kwa shilingi zako, chagua yuro kila mara. Ukichagua shilingi wanatumia kiwango chao cha kubadilisha, na utakuja kuliona pengo kwenye taarifa ya benki. Vile vile kwenye mashine za kutolea pesa. Tumia za benki zilizoko ukutani mwa benki yenyewe, toa kiasi kikubwa mara moja badala ya kidogo kidogo.

Kwenye metro na mabasi unaweza kugusisha kadi ya benki moja kwa moja, ila kila mtu na kadi yake. Tiketi ya yuro 1.50 inadumu dakika 100, mabasi utakavyo, metro mara moja. Kwa hiyo ile ya saa 24 ya 8.50 inakulipa ukifikisha safari sita. Anayelala karibu hazifikishi. Ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine ndani ya basi, faini ni kubwa.

Na plagi: zetu za pini tatu za bapa haziingii kule, wanatumia pini za mviringo. Nunueni adapta Kariakoo kabla ya kuondoka.

#16

(Wa #6 tena.) Mama wa Nairobi, Novemba mmechagua vizuri. Bei zinashuka baada ya Oktoba, na tena kuanzia baada ya Epifania, 6 Januari, hadi mwisho wa Februari. Mwaka huu hata Jubilei imeshafungwa. Epukeni wiki ya Pasaka, na tazameni kama kuna sherehe ya kutangaza watakatifu wakati wenu, maana vyumba vya upande wa Vatikani vinaisha.

Kama tarehe zinasogezeka, zishikeni Jumapili. Jumapili ya kwanza ya mwezi Kolosseo na makumbusho ya serikali ni bure, siku za kawaida Kolosseo ni yuro 18. Jumapili ya mwisho makumbusho ya Vatikani ni bure kuanzia saa tatu asubuhi, mwisho wa kuingia saa sita na nusu mchana, foleni ianzeni mapema sana. Kwa familia hiyo si hela ndogo. Kuingia Basilika la Mtakatifu Petro ni bure siku zote, na tiketi za katekesi ya Jumatano nazo ni bure, msinunue kwa mtu yeyote.

#17

Asanteni sana nyote, mmenifungua macho. Dada mtoa mada, hao masista niwaandikie vipi? Kiitaliano sijui hata neno, na kwenye tovuti za kubuku siwaoni wengi.

#18 · Mtoa mada

Mama, ndiyo maana bei zao ni nafuu, wengi hawapo kule. Watafute kwenye ramani ya simu kwa maneno "casa per ferie", yaani nyumba ya wageni, ukiwa umekuza mtaa unaoutaka, fungua tovuti yao, chukua barua pepe, uwaandikie moja kwa moja. Mimi niliandika nyumba tisa, zikajibu sita. Nakupa maneno niliyotumia, rekebisha tarehe:

"Buongiorno. Siamo quattro persone, dal 9 al 15 novembre. Avete due camere doppie con bagno? Qual è il prezzo totale, con colazione e contributo di soggiorno? C'è l'ascensore? A che ora chiude il portone? Grazie."

Umewaambia mko wanne, tarehe zenu, vyumba viwili vyenye bafu, jumla ya bei pamoja na chai ya asubuhi na kodi ya mji, kama kuna lifti, na geti linafungwa saa ngapi. Yote sita kwa pamoja, ili wakujibu mara moja. Wakikujibu bei, uliza tena kama wanahitaji malipo ya awali na kama yanarudishwa.

#19

Nimeandikia nyumba saba juzi, nne zimejibu. Mbili zimejaa. Ya tatu iko Cornelia: yuro 78 kwa chumba, chai ya asubuhi ndani, lifti ipo, geti saa tano usiku, hawataki malipo ya awali, tulipe tukifika. Ya nne ni nafuu kwa yuro tisa lakini iko mbali na metro na haina lifti. Mzee ameniuliza kwa nini nisichukue ya nafuu, nikamsomea post yako ya kwanza. Nimewajibu wa Cornelia asubuhi hii.

#20 · Mtoa mada

Safi sana mama. Ukifika angalia kama bado wana birika la maji ya moto kwenye korido, wengi wanaliweka karibu na ngazi. Na majani ya chai usisahau.